Daftari la Wadudu Waongo

Wiki iliyopita nilitumiwa mkungu wa ndizi mshare kutoka nyumbani Kilema. Niliuweka kwenye sakafu ya jiko langu hapa Soweto, Moshi mjini, nikakata chane ya kwanza, na kamdudu keusi kakatoka mbio katikati ya ndizi. Mume wangu, ambaye funguo zake hazioni hata zikiwa mkononi mwake, kamdudu hako alikaona. Akavua kandambili akainua.

"Sisimizi tu," akasema.

Nikamdaka mkono. Nikavaa miwani, nikapiga magoti kwenye saruji, mama mzima ninayekaribia miaka hamsini, nikainama mpaka pua ikagusa ndizi.

"Huyu siyo sisimizi," nikamwambia. "Ni mbawakawa. Angalia vipapasio vyake."

Mume wangu akairudisha kandambili mguuni taratibu, akaenda zake sebuleni kuangalia mpira. Tumeoana miaka ishirini na kitu, na bado kuna mambo yangu hajayazoea. Mimi nikabaki pale chini na yule mdudu, na magoti yakiniuma, nikaanza kucheka peke yangu. Halafu nikaona aibu, ile aibu ya zamani kabisa.

Kazi ya kutambua mbawakawa wanaojifanya sisimizi niliijua nikiwa na miaka tisa. Wazazi wangu walikuwa wanafanya kazi Dar, mimi nikaachwa kwa bibi na babu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba juu na mibuni chini yake. Likizo moja, Shangazi Veneranda, mtoto wa mwisho wa babu, alikuja kutoka chuo cha kilimo akiwa na sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, pini za kushonea, na chupa ya spiriti iliyonukisha nyumba nzima kama zahanati. Alitakiwa akusanye wadudu wa shamba la kahawa awapeleke kwa mwalimu wake, kila mmoja na jina lake. Mimi nilikuwa na macho makali na sikuwa na shughuli, basi akanichukua.

Alinifundisha chini ya wavu wa kuanikia kahawa, tukiwa tumelala kifudifudi kwenye majani. Sisimizi wa kweli, kipapasio chake kimekunjika katikati, utadhani kina kiwiko. Mbawakawa anayemwigiza, chake hakina kiwiko, kimeungwa punje punje kama rozari. Sisimizi ana kiuno hasa, na kwenye kiuno kuna kifundo. Yule mwigizaji hana kiuno, amebanwa tu shingoni, na ukimtazama kwa mbali unadanganyika. Halafu mgongoni ana mstari mmoja unaoshuka katikati, pale mabawa yake magumu yanapokutana. Sisimizi mfanyakazi hana mstari huo.

"Na mwendo je?" nikauliza. "Mbona anatembea kama wao kabisa?"

"Mwendo usiuangalie," Shangazi akasema. "Mwendo ndiyo kazi yake huyu. Wewe angalia viungo."

Nikauliza kwa nini anajisumbua hivyo. Shangazi akaniambia ndege wengi hawapendi kula sisimizi kwa kuwa wanauma na wana ladha mbaya, kwa hiyo huyu akionekana ni mwenzao anaachwa aishi. Hayo ndiyo maneno aliyosema. Mimi nilisikia mengine. Wakati huo nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista wetu alikuwa ameshatueleza kwamba uongo ni uongo hata ukiusema kwa miguu. Nikaelewa kwamba pale kwenye kahawa ya babu kulikuwa na wahuni waliovaa kisisimizi, wanakula cha wenzao, na hakuna aliyekuwa anawachukulia hatua.

Basi nikawachukulia mimi. Shangazi aliporudi chuoni aliniachia lenzi yake iliyovunjika mpini, na daftari moja ambalo juu yake niliandika DAFTARI LA WADUDU WAONGO. Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe, nilikuwa kwenye mibuni na lenzi jichoni. Niliyemshika nilimwandika makosa yake: kiwiko hana, kiuno hana, mstari anao. Kisha nilimtia kwenye chupa ya soda. Bibi alikuwa akipita na karai lake ananitazama.

"Huyu mtoto," alimwambia babu, "atakuwa hakimu au atakuwa mwehu."

"Mahakimu wana mshahara," babu akasema.

Sasa, ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sukari ilikuwa hailaliwi foleni, mitumba imemwagwa Moshi mjini mpaka njiani, na kule mpakani Holili watu walikuwa wanavusha bidhaa mchana kweupe. Kutoka huko Holili ndiko alikotokea mgeni. Alifika Jumamosi moja mchana, mwanaume mwembamba wa makamo, amevaa koti kubwa kuliko yeye, ana chupa ya chai mpya mkononi ya kumpa bibi. Akampa babu shikamoo, akasema anaitwa Isidori, na ni mtoto wa Ludoviko.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama.

Ludoviko alikuwa kaka mkubwa wa babu. Alivuka kwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla hata baba yangu hajazaliwa, na hakurudi. Sisi wajukuu tulimjua kwa kihamba chake tu, kile cha chini karibu na barabara, ambacho babu alikuwa akikipalilia miaka yote bila kukigusa kwa kitu kingine. Mgeni akasema baba yake amefariki, mama yake pia, na yeye amechoka kusukuma baiskeli za mizigo ya watu mpakani. Alikuwa anaomba ajenge pale kwa baba yake.

Babu alimtazama kwa muda mrefu. "Kaa," akasema. "Krismasi ukoo utakutana. Ukoo utaamua."

Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu. Akikubaliwa, kihamba cha chini ni chake. Akikataliwa, anarudi Holili na baiskeli yake. Lakini mimi sikuwa na shida ya kihamba. Shida yangu ni kwamba mgeni alipewa chumba cha nje, chumba changu, na chupa zangu za soda zikahamishiwa bandani kwa mbuzi. Mimi nikapelekwa kulala na bibi, ambaye alikuwa anakoroma, na kabla ya kukoroma lazima tusali rozari, na nikisinzia katikati tunarudia fungu zima. Asubuhi ya tatu nilifungua daftari ukurasa mpya, nikaandika: MGENI.

Nisiseme uongo, nilimchunguza kitaalamu. Kichagga chake kilikuwa kimepinda, kila neno limetamkwa kama anamwogopa. Siku bibi alipompa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, aliionja, akafikiri kidogo, kisha akaomba sukari. Akatia vijiko viwili. Bibi alitoka nje akashika mlango kwa nguvu. Nikaandika. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la masale. Kwetu isale si jani la kuchezea. Linaota mpakani na makaburini, na mtu akikukosea akakuletea jani lake, huwezi kumkatalia msamaha, uwe umekasirika vipi. Mgeni alikwenda mpakani, akakata majani sita ya isale, akafungia mzigo wa majani ya ng'ombe. Akapita nao uani mbele ya kila mtu, anapiga mluzi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili.

Na yale mengine? Yapo, sikuyaandika. Alikuwa anachuma kahawa kwa mikono miwili kwa pamoja, kidole gumba kinasukuma, sawasawa na babu. Akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja cha kushoto, kama baba yangu. Jioni moja alinikuta nikihangaika na lenzi, akachonga kipande cha mti wa kahawa, akaufunga mpini mpya kwa waya, akanirudishia. Hayo yote niliyaona, na yote nikayatupilia mbali, kwa kuwa Shangazi alishaniambia: mwendo usiuangalie. Kadiri alivyofanana na sisi ndivyo nilivyozidi kumwona mwongo hodari. Hebu fikiria mtoto anayeweza kuwaza hivyo. Ningekuwa bibi ningemchapa.

Krismasi ikafika, na Kilema ikajaa magari ya waliotoka mijini. Wazazi wangu walifika na mabegi. Baba mdogo Kasiani, mdogo wake baba, alifika na pikapu kutoka Arusha, alikokuwa anauza vipuri, na kabla hajamaliza kusalimia alikuwa ameshashuka kutazama kihamba cha chini.

"Kahawa imekufa, baba," alimwambia babu. "Pale ni barabarani. Tufungue grosari, vijana wanywe bia, sisi tukae."

"Pale ni pa kaka," babu akasema.

"Kaka mwenyewe yuko wapi?"

Mgeni alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, amebeba ndoo ya maji. Akaendelea na safari yake.

Baada ya misa, mbuzi akachinjwa, nyama ikalazwa juu ya majani ya migomba. Kwetu nyama haigawiwi hovyo, kila kipande kina mwenyewe, na mgawaji anamjua mtu kwa kipande chake. Babu alishika kisu, lakini kabla ya kukata akasema, "Kwanza tumalize la huyu. Mwenye neno aseme."

Watu wazima wakatazamana. Baba mdogo Kasiani akakohoa, akijiandaa. Mimi nilikuwa nimekaa na watoto wenzangu kwenye mkeka, daftari nimelificha chini ya gauni tangu kanisani. Mtoto hasemi kwenye kikao cha ukoo, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Nikasimama.

"Mimi ninalo, babu," nikasema.

Mama alinivuta gauni, nikamponyoka. Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya somo la kwanza kanisani, nikianza na Kichagga kilichopinda. Nilipofika kwenye sukari watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na mimi nikajiona mtu mkubwa. Nilipofika kwenye masale kicheko kikakatika. Hakuna aliyekuwa anajua la masale isipokuwa sisi wa nyumbani, na sisi wa nyumbani tulikuwa tumenyamaza. Nikamalizia kama nilivyokuwa nimeandika, neno kwa neno: "Kwa hiyo huyu siyo wa kwetu. Anafanana tu."

Baba mdogo Kasiani akapiga paja lake. "Mtoto amemaliza kila kitu," akasema. "Mtu wa damu yetu akate isale afungie majani ya ng'ombe? Mpeni nauli aende."

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Babu alikuwa anakitazama kisu. Mgeni akasimama. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimeandaa na majibu.

"Mtoto hajasema uongo," akasema. "Isale nilikata. Sikujua." Akaingia chumba cha nje, na kupitia mlango uliokuwa wazi tukamwona anakunja shati lake moja, analilaza juu ya lingine.

Kumshika mbawakawa ni jambo moja, unamtia chupani na hasemi kitu. Huyu alikuwa anakunja mashati. Nilitaka mtu aniambie nikae, aniambie nimekosea, aniambie chochote, lakini kila mtu alikuwa anaangalia nyama, na mimi nimesimama katikati na daftari langu.

Bibi alikuwa jikoni. Kwenye vikao vya ukoo bibi alikuwa hazungumzi ila kuuliza nani hajala. Alitoka akifuta mikono kwa kanga, akaja mpaka nilipo.

"Una kalamu?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo.

"Kaa. Andika na yangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ananituma chumvi. "Andika: bibi yangu ni Mnyaturu wa Singida. Baba yake alikuja kukata miwa huko tambarare. Umeandika?"

Kalamu ilikuwa haisogei. Sisi wajukuu tuliinua vichwa wote kwa pamoja. Bibi huyu huyu alikuwa akimsahihisha Kichagga kila mtu mpaka baba paroko, na mbege yake ilikuwa inafuatwa na watu kutoka vijiji vitatu. Watu wazima wao hawakushtuka. Waliangalia chini, na baba mdogo Kasiani akaona kitu cha muhimu sana kwenye kiatu chake.

"Andika," bibi akasema. "Alipoolewa hapa alizitia ndizi chunguni na maganda yake. Mama mkwe wake akalala na njaa. Andika. Wiki ya pili alifua, akatafuta pa kuanika, akaona masale yamesimama vizuri, jua linapiga. Akaanika gagulo lake la ndani. Kumbe ni kaburi la baba mkwe."

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti ya kubanwa na kicheko. Babu alifunika uso kwa mkono, na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Wazee wakakaa hapa hapa," bibi akaendelea, na sasa alikuwa haniambii mimi. "Wakasema nirudishwe kwetu, mimi siyo mtu wa kufundishika. Aliyesimama akasema, 'Muacheni, atajifunza,' alikuwa mmoja. Ludoviko. Nisingekuwa yeye, Kasiani, wewe ungezaliwa na nani? Hiyo pikapu ungeendesha wewe?"

Nilimtazama bibi kuanzia kilemba mpaka visigino, natafuta kiwiko, natafuta mstari. Alikuwa bibi tu. Nikaanza kulia, na siwezi kusema nilikuwa namlilia nani hasa.

"Usinililie mimi," bibi akasema. "Unajua cha kufanya. Nenda mpakani."

Nilikwenda mpakani nikakata jani moja la isale, huku kamasi zinanitoka. Nikarudi nalo mpaka mlango wa chumba cha nje, ukoo mzima unanitazama mgongoni. Mgeni alikuwa ameshafunga mfuko. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Akalipokea. Akaligeuza upande huu na upande ule.

"Nifunge nini?" akauliza.

Nyuma yangu watu walianza kucheka, na mimi nikazidi kulia. "Hufungi kitu," nikamwambia. "Ni la kuomba msamaha. Ukishalipokea huwezi kukataa."

"Nisipotaka je?"

"Huwezi. Umeshalipokea."

"Hata kama mtu amenisomea makosa yangu mbele ya watu wote, Krismasi?"

"Hata hivyo," nikasema.

Akafikiri. Akaziba mdomo kwa kiganja cha kushoto, nikaona anacheka. "Basi nimeshikika," akasema. Akauacha mfuko pale kitandani, akatoka na jani lake, hajui aliweke wapi, mwisho akaliweka mfukoni mwa koti, nusu linachungulia.

Babu alikuwa ameshaanza kukata. Alikata kidari, kile kifua cha mbuzi chenye mafuta, kipande cha mkubwa wa ukoo, ambacho tangu nipate akili sikuwahi kuona mtu mwingine akikipokea zaidi ya babu mwenyewe. Akakilaza kwenye jani la mgomba. Akasimama nacho, magoti yanalia, akavuka uwanja mpaka alipo mgeni, akamwekea mikononi.

"Hiki ni cha kaka yangu," babu akasema. "Miaka yote hii nimekila kwa niaba yake. Nimechoka."

Akarudi kukaa, akajipangusa magotini vumbi ambalo halikuwepo, kisha akaanza kugawa vingine kwa haraka haraka, hatazami mtu. Bibi aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu. Baba mdogo Kasiani alipokea kipande chake, akasema asante, hakutaja grosari tena siku hiyo.

Mgeni alibaki amesimama na kidari mikononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye mikono ya koti. Alitazama kulia, akatazama kushoto, anaogopa kukaa, anaogopa kuuma. Mwisho akainama sikioni kwangu.

"Na hiki nacho," akaninong'oneza, "kina sheria gani?"

"Hakina," nikamwambia. "Kula, baba mkubwa."